Sina Kitu, Daktari

Ukimuuliza Mama Mgawo kama ana chumvi, atakwambia hana, na huku ameikalia. Gunia lenyewe liko chini yake, limefunikwa khanga, naye amejipweteka juu anachambua maharage. Utaaga, utaondoka. Kabla hujafika kwenye mgomba wa mwisho wa shamba lake atakuita, "Wewe, hebu rudi," na utakuta chumvi imeshafungwa kwenye kipande cha gazeti. Hatakueleza imetoka wapi, na wewe hutakiwi kuuliza. Mimi nilipoolewa pale kijijini, milimani juu ya Makanya, nikitokea Kileo, niliuliza. Akaninyang'anya ile chumvi.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa mshika duka wa kijiji miaka ile ya shida, miaka ambayo ukimwona mtu ananukia sabuni unamfuata kumuuliza kaipata wapi. Lori likifanikiwa kupanda mlima, jambo ambalo halikutokea kila mwezi, yeye ndiye aliyegawa kilichoshushwa, kaya kwa kaya. Ndiyo akawa Mama Mgawo. Duka lilipokuja kufa jina halikufa nalo.

Mche mmoja wa sabuni aliukata vipande kumi na viwili kwa uzi wa katani. Kisu hakukitaka. Nilimshauri siku moja, nikiwa bado mgeni na mdomo wangu mwepesi, kwamba kisu kingekata upesi zaidi. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kisu kinabaki na sabuni," akasema. "Haya niambie, wewe wa Kileo, hiyo sabuni inayobaki kwenye kisu ni ya nani?" Uzi aliuzungusha kwenye vidole, akavuta mara moja, kipande kikadondoka. Ungeweza kuvipanga vile vipande kumi na viwili na usione kilichozidi mwenzake. Watu walikuja dukani kumtazama akikata hata siku ambayo mgawo wao walikuwa wameshauchukua.

Mke wa mwenyekiti aliwahi kumtuma mtu amchukulie fungu lake bila kupanga foleni. Mama Mgawo akajibu limekwisha, na fungu liko kwenye rafu nyuma ya kichwa chake, kila mtu analiona. Yule mama ikabidi aje mwenyewe, asimame nyuma ya mlevi mmoja wa kijiji, asubiri zamu. Mwezi huohuo mwanamke aliyejifungua mapacha alipewa vipande viwili. Mtu akalalamika kuwa kaya ni moja. Mama Mgawo akamwambia abebe wale watoto wawili mgongoni mpaka jioni ndipo arudi wahesabu kaya upya.

Alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa mwongo, na sikuwahi kumwona akisumbuka kuyaunganisha hayo mawili. Nilimuuliza siku moja tukitoka ibadani: hivi mama, kusema "sina" nawe unacho, si uongo huo? Akatembea kidogo akifikiri. "Mungu hajaniuliza," akasema. "Aliyeniuliza ni wewe."

Lakini sababu ya "sina" yake niliijua, na ilinifanya nisimcheke sana. Kulikuwa na miezi ya msako, walipotafutwa watu walioficha bidhaa. Watu walishikwa na hofu ya kijinga. Jirani yetu alizika redio shambani, na ilikuwa redio yake halali. Mwingine aliwaamuru watoto wavae nguo zote walizonazo kwa pamoja, wakashinda na jasho siku nzima. Mama Mgawo alikuwa na nusu gunia la sukari dukani ambalo hakuligawa. Lilikuwa la misiba. Kila lori alitenga kidogo kidogo, kwa sababu mtu akifa wageni watapanda mlima kutoka mbali, na kuwakalisha wageni msibani bila chai ilikuwa aibu ya kijiji kizima. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilikunywa ile chai.

Mtu mmoja akamsema kwa polisi. Askari wawili walipanda, wakaingia dukani, wakaenda moja kwa moja kwenye lile gunia bila hata kupekua. Wakamteremsha Same. Alikaa ndani siku tisa, hadi wazee waliposhuka kueleza ile sukari ilikuwa ya nini. Alirudi amekonda, akapita mbele ya nyumba yake bila kuingia, akaenda kufungua duka.

Aliyemsema alimjua. Aliendelea kumpimia mgawo wake sawasawa na wa wengine, hakumpunja hata punje. Ila salamu yake hakuiitikia tena. Yule bwana alisalimia miaka na miaka, njiani, kanisani, kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji, na Mama Mgawo akawa anatazama milima. Alipokufa, sukari ya msibani ilitoka kwa Mama Mgawo. Tangu zile siku tisa alikuwa na kanuni moja tu maishani: mtu mwenye kalamu na karatasi akikuuliza una nini, huna.

Basi ikaja ruksa. Bidhaa zikajaa, maduka ya watu binafsi yakaota Same kila kona, mitumba ikapanda mpaka kwetu. Duka la kijiji likafungwa, na Mama Mgawo hakupata kuizoea neema ile. Nilikwenda naye Same siku ya soko. Akasimama mbele ya duka ambalo sukari ilikuwa imemwagwa kwenye karai kubwa, wazi, barazani, na inzi juu yake. "Mwenyewe yuko wapi?" akaninong'oneza. Nikamwambia mwenyewe ni yule aliyekaa pale anakula karanga. "Na hafichi?" Alinunua kilo moja, akaisukumia chini ya khanga, akatoka dukani kiubavu-ubavu akiangalia huku na huku. Muuza duka alidhani ameibiwa, akatukimbilia. Nyumbani alikuwa na sabuni zimepangwa darini hadi mbao zimepinda. Mama, nikamwambia, sabuni imejaa kila mahali siku hizi. Akanijibu, "Leo."

Sasa nifike kwenye mikono yake. Baridi yabisi ilimwanza kwenye vidole, na ilimchagulia mahali pabaya kweli. Asubuhi alikuwa hawezi kufunga kifungo wala kushika kijiko. Alikaa jikoni akikikumbatia kikombe cha chai ya tangawizi kwa viganja vyote viwili mpaka jua lipande ukutani, ndipo vidole vikubali kukunjuka. Vifundo vikavimba. Baadaye vidole vikaanza kulala upande wa nje, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali, na daktari wa huko alimwandikia aspirini, klorokwini, na vidonge vidogo vyeupe vinavyoitwa predinisoloni. Akamwambia arudi baada ya mwezi mmoja.

Klorokwini ilimchekesha njia nzima. "Ameniona naumwa vidole, kanipa dawa ya mbu." Hakujua, na mimi sikujua, kuwa dawa ile huwasaidia hata wenye ugonjwa wake. Akaigawa kwa wenye homa, nusu kwa huyu, robo kwa yule, kama alivyozoea. Aspirini aliiweka ya akiba. Lakini vile vyeupe alivimeza, na wiki ya kwanza tu tulimwona akifua mablanketi matatu na kupanda ngazi kuchungulia sabuni zake. Hospitali hakurudi. Kwa nini arudi, na amepona? Vilipoisha akavinunua Same, kwenye duka la dawa, ambako siku hizo hakuna aliyekuuliza kitu mradi umeelekeza kidole. Akameza kila asubuhi kwa miaka miwili. Mashavu yake yakajaa, uso ukawa mviringo, na sisi wote tukamsifu kwamba ruksa imemkubali. Mimi mwenyewe alinipa nusu kidonge mgongo uliponiuma, nikameza. Sijivunii.

Kisha asubuhi moja aliinua mfuniko wa chungu cha makande, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanguka. Havikuuma. Vilishuka tu, vikakataa kuinuka. Alinijia navyo nikiwa kwenye cherehani yangu, akavinyoosha kwa mkono wa kushoto, akaviachia, vikashuka tena. "Vimelala," akasema. Nikampeleka hospitali, na daktari akatuambia ile mishipa inayoinua vidole imesagika kifundoni hadi imekatika, na visipofanyiwa upasuaji Moshi mapema, na vingine vitafuata. Nilimwona akiogopa kwa mara ya kwanza. Kisu hakikumtisha. Aliutazama ule mkono akaniambia, "Huu ukifa, mimi nitakuwa nani?" Nilimwonea huruma hadi nikajifanya natafuta sindano chini.

Watoto wake walikuwa mbali, Tanga na Dar es Salaam, na mimi Moshi nilikuwa naijua kwa sababu ya kufuata vitambaa. Tukashuka Makanya, tukapanda basi katikati ya vumbi la malori ya jasi. Njia nzima alikuwa amelegea, hali kitu, anatapika. Nikadhani ni lile basi.

Siku moja kabla ya upasuaji, mchana, daktari kijana alikuja kitandani na fomu yake. Akasalimia kwa adabu, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu. Akatoa kalamu. Hapo nikaona macho ya Mama Mgawo yakiifuata ile kalamu.

"Mama, kuna dawa zozote unazotumia nyumbani?"

"Sina kitu, daktari."

"Hata za kutuliza maumivu?"

"Sina."

"Za kienyeji je? Usiogope."

"Sisi watu wa milimani, tutazitoa wapi?"

Akaandika. Mimi nilikuwa naliangalia pindo la khanga ya Mama Mgawo, lenye fundo kubwa kama ndimu, na lile fundo lilikuwa aspirini tupu. Predinisoloni ilikuwa ndani ya kopo la poda, poda imewekwa juu. Alikuwa na zingine kwenye soksi, kwa sababu wakikuta huku wasikute kule.

Daktari alipoondoka nikamuuliza kwa sauti ya chini kama leo amemeza vile vyeupe. Akasema ameviacha, leo siku ya tatu. "Wewe ni fundi, unajua," akasema. "Mtu hapeleki nguo kwa fundi mpya na nyuzi za fundi wa zamani zinaning'inia. Nimejisafisha." Na maumivu? Maumivu yalikuwa yamerudi yote kwa mpigo, kwa hiyo alikuwa akimeza aspirini, nne asubuhi, nne mchana, nne jioni. Akaniambia hayo akiwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, hawezi hata kukaa vizuri. Kisha akanishika mkono kwa vidole vitatu vilivyobaki na nguvu. "Wewe ni mtu wangu. Wewe hujui kitu."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi ya nje. Mimi si mtaalamu wa dawa, mimi najua mikono ya gauni na kola. Ila nilikuwa nimemwona mtu aliyefua mablanketi matatu na kupanda ngazi, na sasa nilikuwa nimemwacha mtu asiyeweza kuinua kikombe cha maji, na kesho wanamkata. Nilijua pia kumsema mtu maana yake nini kwetu. Nilikaa pale mpaka mwanamke aliyekaa kando yangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikarudi wodini, nikamwambia Mama Mgawo naomba poda nikajipake, nikaenda na lile kopo chumba cha wauguzi.

Daktari kijana alikung'uta kopo mezani. Poda ikaruka ikamjaa kwenye koti, vidonge vikabingirika. Akauliza kwa muda gani. Miaka miwili, nikasema, kila asubuhi, na ameacha siku tatu hizi. Alitoka mbio, akarudi na mkubwa wake, daktari wa upasuaji mwenye mvi, na wote watatu tukaenda kitandani, mmoja wetu akiwa mweupe kwa poda.

Yule mzee wa mvi alikuwa na subira. Akavuta kiti. "Mama, ndani ya mwili kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza dawa inayofanana na hii yako. Ukimeza vidonge muda mrefu, kiwanda kinaona hakina kazi, kinafunga."

"Viwanda vingi vimefungwa siku hizi," akasema Mama Mgawo.

"Basi ukikata vidonge ghafla, kiwanda hakifunguki siku hiyohiyo. Unabaki huna cha nje huna cha ndani. Ndiyo maana umelegea hivi. Na mwili unaopasuliwa unaihitaji dawa hiyo kuliko siku zote. Tungekuweka mezani kesho, presha ingeweza kuanguka tusiweze kuiinua. Ungetufia mikononi, na hii karatasi inasema huna kitu."

Aspirini nayo, akaeleza, inaizuia damu kuganda, kwa hiyo jeraha lingevuja ovyo. Vile vyeupe ataanza kupewa tena saa hiyohiyo na hatavikosa hata siku moja, pamoja na asubuhi ya upasuaji yenyewe. Siku hiyo wataona wamwongeze kiasi gani kwa sindano. Kuvipunguza kutakuwa baadaye, kidogo kidogo, na daktari ndiye atakayesema. Aspirini itasimama, atapewa kitulizo kingine, na upasuaji unasogezwa mbele siku kumi.

Mama Mgawo alipiga hesabu yake. "Kwa hiyo nilichotakiwa kukiacha ndicho nilichokishika."

"Na ulichotakiwa kukishika ndicho ulichokiacha."

"Nani kawaambia?"

Daktari wa mvi akaangalia dirisha. Daktari kijana akaanza kujipangusa poda. "Mimi," nikasema.

Akageukia ukuta. Siku kumi nilimlisha uji na hakunisemesha neno. Akitaka kitu alimtuma mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mcheshi wa Rombo aliyevunjika mguu. "Mwambie huyo fundi uji hauna chumvi." Yule mama ananigeukia, mimi niko hatua mbili, ananiambia uji hauna chumvi. Namwambia mwambie chumvi nimeweka. Ikawa hivyo kutwa mara tatu, wodi nzima ikicheka isipokuwa sisi wawili. Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimletea kidonge cheupe na funda moja la maji, akakimeza huku akinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyekitengeneza. Akapasuliwa, akatoka salama. Walipofungua mkono baada ya wiki kadhaa za hogo, ile plasta ngumu, na mazoezi, vidole viwili viliinuka. Aliviinua na kuvishusha, na kuviinua tena. Nilikuwa mlangoni. Hakunitazama.

Tulirudi nyumbani, na nilipomwamkia asubuhi ya kwanza akatazama milima.

Nilidhani zitakuwa siku chache. Zikawa kiangazi kizima, mvua za vuli zikanyesha na kwisha. Mume wangu alisema nimemwokoa mtu, nijivunie. Nikamwambia kumwokoa mtu hakuitikii salamu. Nilikuwa nampita njiani nasema shikamoo mama, nasikia nyayo zake tu. Nasema wazi kwamba nililia, tena si mara moja, mwanamke mzima na watoto wangu wananiona. Wakati mwingine nilimkasirikia kweli, nikajiambia ningemwacha na kopo lake la poda. Halafu chumvi ikinishia nasimama mlangoni, nakumbuka siwezi kwenda kwake, narudi ndani.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa alasiri, nikiwa barazani nashona sare za kwaya. Alikuja bila kubisha, akakaa kwenye kigoda. Pini zangu zilikuwa zimemwagika sakafuni. Akaanza kuziokota kwa mkono wa kulia, moja moja, kwa vidole vilevile viwili, na kuzichomeka kwenye kimto changu cha pini. Nikaacha kushona, nikaogopa hata kupumua. Alipomaliza pini zote akaweka mkono wa kushoto juu ya meza ya cherehani, kiganja kikiangalia chini. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeanguka.

"Pole, mama," nikasema. Kisha, kwa kuwa nilikuwa bado sijamwamkia, "Shikamoo."

Mbuzi wa jirani alipita, akala kipande cha kitambaa changu, sikumfukuza.

"Marahaba," akasema.

Machozi yalinitoka palepale, akajifanya haoni. Akasema wanawe wamepata habari, wanataka kuja wote wawili kumpeleka Moshi, wameshaomba ruhusa kazini. Nikasema hilo ni jambo jema, watoto wanakupenda.

"Wananipenda sana," akasema. "Nitawaambia hawajui kitu, na watakuwa hawajui kitu." Akautoa mkono mezani, akauweka mapajani, akaufunika kwa ule wa kulia. "Nimewaandikia wasije. Nitakwenda na wewe. Wewe utanisema."